Miguu ya Neema kwenye Tamthilia Yako

Mdogo wangu Yusufu,

Haya nimeshindwa kukwambia kwa simu, maana ungenibembeleza na ningekuamini.

Nakumbuka ulivyoanza huko Roma, kwenye ukumbi mdogo wa maigizo, ukiigiza mhudumu wa mgahawa anayeweka sinia mezani na kutoka bila neno. Kisha zikaja filamu, na kila filamu wewe ni mkimbizi. Moja hata sauti yako waliitoa, wakamweka Mwitaliano aseme badala yako. Mimi huku Temple Hills, Marekani, nilinuna. Wewe ukacheka, ukasema ndivyo kazi ilivyo kwao. Nilikusifia mpaka kanisani wakanichoka.

Mwanangu Neema alipofariki, ulinipigia kila siku tukalia pamoja. Wengine waliniambia nijikaze. Wewe uliniuliza nilipoingia chumba cha maiti nilianza na nini, mikono niliiweka wapi, nilisema maneno gani. Nilidhani ni upendo. Nikakwambia yote, hata yale ambayo baba yake hayajui mpaka leo.

Ulipopata nafasi kubwa kwenye tamthilia ya televisheni, niliita watu, nikapika pilau. Tukakuona ukiigiza baba aliyefiwa na binti, unaingia chumba cha maiti. Ukaishika miguu ya yule mtoto, ukaipulizia kuipasha joto. Halafu ukasema kwa Kiswahili, kwa sauti yako mwenyewe, "Nani kamvua mwanangu soksi? Anasikia baridi."

Jirani yangu Mkenya, Mama Brayani, alikuwa anajifuta machozi. "Woi, huyu bro wako anajua ku-act," akaniambia. "Hiyo kitu ameitoa wapi?"

Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha sufuria ya pilau.

Baadaye ukanitumia mahojiano yako, yenye maandishi ya Kiingereza chini, ili nifurahi. Humo unasema maneno yale yalikujia palepale, mbele ya kamera. Kikulacho ki nguoni mwako, Yusufu, lakini sikuwahi kudhani ni wewe. Nina hasira nawe. Ungeniomba, huenda ningekupa. Sasa kila nikiikumbuka miguu ya mwanangu, naona mikono yako.

Mama yetu amezeeka. Siku yake ikifika nitakupigia, nitakwambia anazikwa wapi na lini. Nilivyolia, usiniulize.

Mungu akutunze huko uliko.

Dada yako,
Mama Neema