Jiwe la Kumalizia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea Kitindamimba, kwa hiyo na yeye nampa salamu zake hapa hapa, ila namwomba asome kila neno kama lilivyo. Asiruke mstari kwa kukuhurumia, wala asitie chumvi kwa kunikomoa. Macho yanaendeleaje? Nimesikia daktari amekupa matone mapya na wewe unayasahau kwa makusudi. Huku sote wazima. Mkweo anakusalimu na anasema nimepungua kilo mbili. Usimwamini, mizani yetu ni mbovu.

Duka lako lipo palepale, kati ya fundi cherehani na muuza vioo. Kiti cha chuma bado kinalia kikizungushwa. Siku hizi watu wengi wanataka mashine, lakini kila Jumamosi hawakosi saba au wanane wanaotaka wembe wa kukunja na povu la moto. Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine tatu na televisheni, naye huja kunyolewa kwangu. Anapitia mlango wa nyuma, na kila mara ananiomba nisimwambie mtu. Nami simwambii mtu, isipokuwa wewe na Kitindamimba na fundi cherehani.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba mdogo wangu anafungua duka lake mwezi ujao. Umeniagiza nimkabidhi lile jiwe la kumalizia ulilorithi kwa baba yako, kwa kuwa mimi nimelitumia vya kutosha na sasa ni zamu ya mwenye mikono myepesi. Kuhusu mikono sibishi. Nakumbuka ulivyotufundisha tukiwa wadogo: mawe ya kunolea yamejaa duniani, lakini jiwe la kumalizia, lile la mwisho linaloufanya wembe upite shavuni kama kitambaa, Mungu huupa ukoo mmoja jiwe moja. Bila hilo, ulisema, sisi ni wakwaruzaji tu.

Kabla sijajibu agizo lako, nikukumbushe ulipokuja mwaka jana. Uliketi pembeni ya kiti, nami nikamnyoa yule mwalimu mkuu mstaafu, mwenye ndevu kama waya na ngozi kama ya kichanga, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemnyoa bila kumtoa vipele ila wewe. Nilipomaliza ulipitisha mgongo wa kiganja chako shavuni mwake, kutoka chini kwenda juu, kinyume cha ndevu. Kisha ukasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza vioo kwamba jiwe ni jiwe, na kwamba mjinga mwenye jiwe zuri humshinda mwerevu asiye nalo. Foleni nzima ilicheka. Mwalimu alicheka mpaka povu likamwingia sikioni. Nami nilicheka, Mama, lakini ndani nilikuwa nimevimba kama chura wa masika, na sababu sikuweza kukwambia.

Basi nakwambia leo. Kitindamimba, vuta pumzi kwanza ndipo usome.

Jiwe lako lilivunjika miaka sita iliyopita. Lilikuwa limebonyea katikati kwa kutumika, na wewe mwenyewe ulinionya kwamba jiwe lililobonyea huharibu makali. Nikamwaga mchanga laini na maji kwenye sakafu ya saruji, nikaanza kulisugua ili nilinyooshe. Nilifanya kwa bidii, na bidii yangu unaijua. Niliegemea na uzito wangu wote, na kumbe lilikuwa na mshipa ndani. Lilipasuka vipande vitatu. Nilikaa pale sakafuni mpaka mkweo akadhani nimeanguka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha jiwe miaka sita, na kilichozaliwa ni kitambi tu.

Wembe bila kumaliziwa unakwaruza, na wateja wako walikuwa wanakuja Jumamosi. Nilikwenda kwa mchonga mawe ya makaburi, mtaa wa pili, nikamwomba mabaki. Nilijaribu mawe kumi na moja. Nilikuwa nikiyalamba ili nione chembe zake, na mkweo aliponikuta siku moja nalamba jiwe aliniuliza kama chakula chake kimenichosha. Wembe wa kila jiwe niliujaribu kwenye uso wangu, si wa mteja hata mmoja; wao niliwanyoa kwa mashine kwa muda. Miezi minne nilifanana na kuku aliyenyonyolewa, na majirani waliuliza tunafuga paka wa namna gani.

La kumi na mbili lilitoka kwenye bamba la kaburi la rangi ya zambarau lililopasuka kona, lisilofaa tena kuandikwa jina la marehemu. Hilo ndilo lililonifundisha kazi. Unaanza na tope la jiwe, zito kama maziwa ya mgando, unaongeza maji tone kwa tone, na kila tone linavyoongezeka mkono unapunguza uzito, mpaka tope liishe, yabaki maji matupu na wembe unaokwenda kwa uzito wake wenyewe. Mwishoni wembe unanata juu ya jiwe kana kwamba hautaki kuondoka. Kwenye jiwe lako nilikuwa nahesabu mara ulizonipangia. Kwenye langu ilinibidi nisikilize.

Kwa hiyo shavu la mwalimu mkuu, Mama, halikuwa la jiwe la babu. Ulichokisifu mbele ya watu ni jiwe nililolitafuta mwenyewe na mkono wangu huu mzito.

Kwa kulivunja naomba radhi, na kwa kukuficha naomba radhi mara mbili. Kwa kuwa nimejua kunoa, siombi radhi ng'o.

Mleta barua hii ana kifurushi. Ndani yake mna jiwe la Kitindamimba, nililolikata kwenye bamba lilelile na kulinyoosha kwa siku tatu, safari hii nikiwa nimekaa kitini ili uzito usinizidi akili. Siku ya kufungua duka nitakuja. Chagua mteja yeyote umtakaye, hata mwenye ndevu za chuma, nimnyoe mbele yako kwa wembe uliomaliziwa juu ya jiwe hilo. Nikimtoa tone moja la damu, ninyang'anye wembe watu wakiona.

Na wewe mdogo wangu, usilitunze kwa hofu kama nilivyolitunza lile. Linyooshe, litumie, lichakaze. Likivunjika niandikie siku hiyohiyo. Bamba lililobaki lipo chini ya kitanda changu, na nimelipima: lina mawe tisa mengine.

Nisalimieni wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Mwanao,
Kinyozi