Mama wa Mutua na Mtafiti

Mwende mjukuu wangu, huku Tseikuru tuko salama, na mbuzi wa nyanya yako amezaa.

Unauliza kama uache hiyo kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuandika magonjwa na vifo, juu watu wanakufukuza. Ngoja kwanza. Nikiwa kijana wa haya, hata shule sikumaliza, nilimpeleka mtafiti wa kazi kama yako kwa mama mmoja. Mtafiti akamuuliza, "Umezika watoto wangapi?"

"Watoto hawahesabiwi! Enda uhesabu kuku!"

Mtafiti akafunga kitabu. Mimi nikauliza polepole, "Mama, walikuwa wanaitwa nani?"

Akakaa. Akataja Kavata, akataja Mutua mwizi wa maziwa, akacheka huku akipanguza macho. Mtafiti aliandika yote, akahesabu baadaye.

Tukiwa tumefika kwa barabara, mama akatuita, "Rudini! Sijawaambia vile Mutua aliiba maziwa ya pasta!"

Babu yako.