Usukani Mgumu wa Bi Mwalimu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Nguvumali tu wazima, ila goti la bibi yako bado linamsumbua.

Unauliza kama umwamini fundi anayesema usukani wa gari lako la zamani utalainika wenyewe, kwa kuwa bolijointi za mbele, vile viungo gurudumu linapogeukia, ni mpya. Mimi niliwahi kusema maneno hayohayo.

Nilikuwa kijana. Nilimfungia bolijointi mama mmoja mwalimu, mkazi wa Raskazone, nikazikaza kupita kiasi. Nilipolijaribu gari, kona mbili tu mabega yakaniuma. Lakini nilishachoka, nikamwambia, "Ni upya tu, Bi Mwalimu."

Alfajiri yake akaletewa habari kwamba dada yake amefariki Horohoro. Akaondoka mwenyewe na gari, awahi kumwosha. Njiani alisimama kila mara kupumzisha mikono. Alipofika, walishazika.

Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulilijaribu kabla hujanipa?"

Basi, fundi wako ainue magurudumu ya mbele kwa jeki, azungushe usukani. Ukiwa mwepesi, apime upepo wa matairi. Ukibaki mgumu, achomoe tairodi, ile fimbo inayovuta gurudumu, aligeuze gurudumu kwa mkono. Likikataa, bolijointi zinabana.

Lakini kabla ya yote hayo, muulize swali la Bi Mwalimu, umtazame usoni anapojibu. Mimi nilitazama chini.

Babu yako