Mgonjwa Aliyetembea

Handeni, 14 Aprili 2024

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Mashewa na mgongo umepungua kukusumbua. Mimi sijambo. Naandika kwa sababu nikipiga simu unasema masikio hayapokei, kisha unampa jirani.

Mama, mwaka jana nilipokuletea Filo baada ya kumzika Yordani, baba yake, nilikuwa naharisha damu, siwezi hata kumwogesha mtoto. Ulimpokea, nashukuru. Tulikubaliana kwamba nikipata nafuu nitamfuata. Ule ugonjwa wa Crohn niliokueleza, wa vidonda vya utumbo, hauponi, lakini kwa dawa unalala. Sasa umelala. Nimerudi kwenye cherehani yangu. Naomba nije kumchukua mwanangu mwezi wa sita.

Mkweo,
Upendo

Mashewa, 2 Mei 2024

Upendo,

Marahaba. Huku hatujambo, ila viwavi wamekula mahindi.

Unasema ugonjwa umelala. Kilicholala huamka. Kikiamka, mtoto wa miaka mitano atamwita nani huko mjini? Siku ya matanga ya Yordani nilikupa makande mbele ya watu, ukayasukuma pembeni. Shangazi zake wakasema unaogopa nimekuwekea kitu. Mimi kidonda sijakiona, nilichoona ni sahani imerudi imejaa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wangu nimemzika. Amebaki huyu aliyebeba jina langu. Mwache atulie.

Mama yake Yordani

Handeni, 19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo, na pole kwa mahindi. Mimi naendelea vizuri.

Siku ile sikukuogopa wewe, niliogopa maharage ya kwenye makande. Yananikata tumbo kama wembe.

Maneno yangu huyaamini, basi utaamini macho. Mama Jyotsna, yule mwenye duka la vitambaa Korogwe, anaandaa matembezi ya hisani ya kuchangia dawa za wagonjwa wa utumbo. Binti yake Pinal anaumwa kama mimi. Ni tarehe 8 Juni, kutoka Kwamndolwa hadi uwanja wa mpira. Nimejiandikisha. Nikifika kwa miguu yangu, nipe mtoto wangu.

Mkweo,
Upendo

Korogwe, 8 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika. Picha iko humu ndani, mwenye fulana ya kijani ni mimi. Kuna wazima waliokaa kivulini njiani, nikawapita. Mwishoni nililia, na wala sikuwa nimechoka.

Jumamosi ijayo nakuja. Mwambie Filo afunge nguo zake.

Mkweo mwenye furaha,
Upendo

Mashewa, 12 Juni 2024

Upendo,

Sisi wazima. Usije Jumamosi.

Picha nimeiona, na shangazi zake Yordani wameiona. Unacheka, mikono umeinyoosha juu kama aliyefunga goli. Huyo ndiye alikuwa hawezi kumwogesha mtoto? Mgonjwa gani anapita wazima barabarani? Kumbe ulinitupia mtoto ukale ujana wako, na mimi nikakutetea kwa watu. Ukoo umekaa. Mtoto wa Yordani harudi kwa mwanamke anayeigiza ugonjwa.

Bibi yake Filo

Korogwe, hospitalini, 7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa muuguzi Rosina, mimi namtajia maneno. Hali yangu si nzuri. Ugonjwa umeamka. Daktari anasema matembezi hayakuuamsha, huamka wenyewe. Keshokutwa napasuliwa, wanatoa kipande cha utumbo.

Ulisema nilikutupia mtoto kwa uongo. Mama, hilo limeniuma kuliko tumbo. Nina hasira na wewe, hata hapa kitandani nina hasira. Lakini sitaki Filo akue akijua alitupwa. Tuma yeyote unayemwamini aje anione. Naomba uniamini tu.

Mkweo,
Upendo

Mashewa, 21 Julai 2024

Mwanangu Upendo,

Pole sana, mwanangu. Mshono unaendeleaje? Uji unashuka? Sisi hatujambo, tunakuombea kila jioni.

Nilikuja mwenyewe. Hukuniona, ulikuwa umelala na mpira puani. Daktari alinieleza yote taratibu, akanichorea na utumbo kwenye karatasi. Nimekuamini. Nimewakalisha shangazi zake Yordani nikawaambia mkwe wetu hakuigiza. Yale niliyokuandikia nisamehe.

Nilimuuliza daktari kama utapona. Akasema hapana, utakuwa wa kulala na kuamka siku zako zote. Nikarudi nikamwandikisha Filo shule ya hapa kijijini. Ukoo umekubali nimlee mpaka awe mtu mzima, na safari hii hakuna aliyekusema vibaya. Wote wanakuonea huruma.

Filo nimemweleza kwamba hukumtupa, u mgonjwa kweli. Alilia sana. Halafu akauliza sasa atamwita nani mama. Nimemwambia aniite mimi.

Pumzika, mwanangu, usijisumbue kujibu.

Mama yenu,
Filomena