Kikapu cha Nyumba Yangu

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Wamaza tunaamka salama, ila mama yako angali anakohoa. Umeniuliza nimewezaje kuishi bila mume nisikate tamaa.

Mchumba wangu alifia katika shimo la dhahabu, Salamabila. Sikumpenda mwingine. Kanisani kwetu kila nyumba huleta kikapu cha mavuno, na msichana hutia mpunga wake katika kile cha baba. Mavuno yaliyofuata nilibeba changu.

“Hiyo iko ya nyumba gani? Bwana yako iko wapi?” wanawake walicheka.

Mama akawajibu, “Iko ya nyumba yake. Mungu anaijua.”

Hadi leo hulia njiani nikikibeba. Lakini sijawahi kukiacha.

Koko wako,
dada wa bibi yako