Mwalimu Hildegarda, Uliyetembea Kutoka Kilosa kwa Ajili ya Tembo

Mwaka umetimia, Mama, tangu uanguke kwenye barabara ya vumbi kati ya kijiji cha Ulaya na Mikumi, siku ya tatu ya matembezi ya kuchangia tembo. Familia imeniachia mimi, mwanao wa kwanza Ditram, niandike haya, kwa sababu mimi ndiye niliyekukatalia.

Ulizaliwa Vidunda, ukafundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na miwili. Ulitembea haraka kuliko sisi sote, huku ukitafuna tangawizi mbichi. Tangazo likibandikwa dukani na herufi zimekosewa, ulilisahihisha kwa kalamu nyekundu, mwenye duka akikutazama tu. Jirani akifiwa, ulifika kabla ya maturubai.

Kisha Baba yetu, Bonifas, akauawa na tembo katika shamba letu la mahindi. Tuliyoyaona asubuhi ile siwezi kuyaandika. Askari wa wanyamapori walipomfuatilia tembo yule, walimkuta waya wa mtego umemzama mguuni hadi kwenye mfupa. Alipopigwa risasi, kijiji kizima kilishangilia. Wewe hukushangilia.

“Mnyama mwenye maumivu yale hana akili tena,” ulituambia. “Aliyemuua baba yenu ni yule aliyetega waya. Na bado yumo humu humu kijijini, anatupa pole.”

Ulipojiandikisha kutembea kutoka Kilosa hadi Mikumi, ili zipatikane fedha za kutibu tembo waliojeruhiwa na kuondoa mitego, nilikujia juu mbele ya wajukuu wako.

“Mama, unatembea kwa ajili ya waliomuua Baba?”

“Natembea ili mwanamke mwingine asimwokote mume wake shambani.”

“Basi nenda. Mimi simo.”

Mdogo wangu Magreth alikusindikiza hadi Kilosa. Mimi sikutoka hata nje.

Jioni ya siku ya pili ulinipigia kutoka Ulaya. Nilikaa na simu mkononi, nikaiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Ukapiga tena. Ikanyamaza tena. Kesho yake saa sita mchana akanipigia mtu nisiyemjua. Alisema jua lilikuwa kali, ulilalamika kifua kinabana, ukakataa kupanda gari. Walipokupakia, ulikuwa umeshanyamaza.

Msibani watu walinong'ona kwamba tembo wameimaliza nyumba yetu. Nami kwa miezi niliamini hivyo.

Mwezi wa tano waandaaji wa matembezi walituita tushuhudie tembo jike akitolewa waya shingoni kwa michango ile. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akalala ubavu, mtoto wake akilia kando. Nilipewa ndoo, nikaambiwa nimmwagie maji masikioni asizidiwe na joto. Sikumpenda, Mama. Sitakudanganya. Lakini nilimwagia maji mpaka daktari akatuambia tukae mbali, naye tembo akainuka.

Tangu hapo kila Jumamosi naingia porini na askari wa kijiji kutafuta mitego. Mwezi uliopita tulimkamata mtegaji mmoja. Ulimfundisha kusoma, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lako. Alilia aliponiona.

Wewe ungejua la kumwambia. Hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Unakumbukwa na wanao, Ditram na Magreth, mkweo Perpetua, wajukuu wako, Abeli na Imani, dada yako Costancia wa Vidunda, walimu wenzako, na wote uliotembea nao. Misa ya kukuombea wewe na Baba itasomwa Jumamosi hii saa tatu asubuhi, kanisani kwetu Mikumi.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.

Nisamehe simu ile. Shikamoo, Mama.