Sura Mliyoizika Karibu na Baba

Liège

Mama yangu,

Salaam kwako na kwa wote walioko nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje siku hizi? Huku mimi ni mzima, Saidi mume wangu ni mzima, na yule mliyemzika naye ni mzima. Ananyonya chupa sasa hivi nikikuandikia. Maziwa mengine yanamtokea puani, naye hana habari.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara nne. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu ungelia, na wewe ukilia mimi hunyamaza. Safari hii sitaki kunyamaza.

Unakumbuka mimba ilipofika miezi sita daktari alimtazama mtoto tumboni kwa mashine ya ekografi. Aliona mdomo wa juu umepasuka, ila picha za kwenye kioo hazikumtosha kujua mpasuko umefika wapi. Basi wakazipeleka kwenye mashine inayojenga kitu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, ukatoka uso mzima wa plastiki, mweupe kama unga wa muhogo, wa kuenea kiganjani. Paji lilikuwa la Bibi Asha, mama yako. Pua ilikuwa yako. Mpasuko ulikuwa upande wa kushoto, ukipanda mpaka ndani ya pua. Daktari alionyesha kwa kalamu ufizi ulipogawanyika na mahali watakapoanza kushona, kisha akaniwekea mkononi.

Nakwambia kweli, niliogopa. Nilipofika nyumbani niliufunika kwa kitambaa cha vyombo, ukakaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu niliushika nimefumba macho. Vidole vilizoea kwanza, macho yakafuata. Wiki haijaisha nikawa nauhadithia habari za kwetu Kasongo. Ndipo nikaona nawe, Mama, upate nafasi ya kuzoea. Nikaomba wanitengenezee mwingine, nikampa yule mama wa Nyangwe aliyekuwa anarudi huko nyumbani, pamoja na kijibarua: huyu ni mjukuu wako, atashonwa, mshike.

Kile kijibarua ulikisoma, Mama?

Kaka Hamisi alinipigia simu nikiwa ndani ya tramu. "Pole, dada. Tulimuzika jana, karibu na Baba. Watu walikuwa wengi."

"Mmemzika nani?"

"Mutoto wako. Mama alisema mimba ilitoka, mukamutuma tumuzike kwetu."

Nilipewa pole ya kifo cha mtoto aliyekuwa ananipiga mateke. Nilipokuuliza, wewe ulinijibu: "Wageni wa Salamabila walikuwa ndani ya nyumba juu ya posa ya Zaina. Waliona ile sura. Wangesema damu yetu iko mubaya. Ningewaambia nini, mwanangu? Nikasema amekufa."

Basi mkakata sanda. Kaka Hamisi na wengine walibeba kitu kilichokwisha kufungwa, hao siwalaumu. Wewe na Shangazi ndio mlioosha plastiki, mkijua ni plastiki, na hamkucheka. Mkaipa na jina la Asha, jina nililokuwa nimemwekea mwanangu. Zaina mdogo wangu akaolewa. Namtakia heri, hakunikosea.

Asha alizaliwa na sura ile ile. Mkunga alishtuka kidogo, mimi sikushtuka, nilikuwa namjua. Mwezi uliopita wamemshona mdomo, imebaki alama nyembamba. Paa la kinywa watalifunga baadaye, ndiyo sababu ya yale maziwa ya puani.

Na sasa sauti yako inaniambia: "Tuma picha ya sasa, ile ya kiisha kushonwa. Tutasema ni mimba ingine. Tumutafutie jina lingine, lile la Asha lilishaenda."

Hapana, Mama. Halijaenda popote, namwita kila siku na anageuka. Nina hasira na wewe, hasira ambayo hata sala haijaipoza, na bado nakuota. Nitakuja naye Kasongo, tutapita sokoni mchana kweupe, na watu wakiuliza huyu ni nani utawajibu wewe.

Nisalimie Kaka Hamisi, aliyenipa pole kwa moyo safi. Nisalimie mashemeji wa Salamabila. Nisalimie majirani waliokesha matangani, uwaambie machozi yao yalinifikia. Nisalimie Shangazi aliyemwosha mwanangu, umwambie huku mtoto huoshwa kila jioni na hulia sana.

Picha sitatuma. Ukitaka kumwona mjukuu wako, sura yake unayo, karibu na Baba. Plastiki haiozi.

Mwanao,
Mwamini, mama wa Asha